Je, nyota wa kikapu wanabebwa na marefa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukikaa jukwaani Donbosco Upanga au JMK Park pale Kidongo Chekundu, hazipiti dakika nyingi kabla mtu hajapaza sauti kwamba fulani anabebwa. Majibu haya ni ya wanaokesha na NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na ya wanaocheza, kufundisha, kuchezesha au kukaa mezani kwenye ligi zetu za hapa Dar. Pale ambapo sheria za NBA na za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinapishana tumesema wazi, maana ubishi mwingi vijiweni huanzia hapo: mtu ameangalia NBA usiku, jioni anamhukumu refa wa hapa kwa kitabu kisicho chake.

Jibu moja tu: wanabebwa au hawabebwi?

Wanapuliziwa filimbi nyingi kuliko wenzao, hilo halina ubishi. Lakini kupuliziwa filimbi nyingi ni jambo moja, na kubebwa ni jambo jingine.

Chukua fainali ya NBA ya 2006. Dwyane Wade wa Miami alipiga mitupo huru, ile ya bure anayopewa aliyefanyiwa faulo, 97 katika mechi 6. Mechi ya 5 peke yake alipiga 25, sawasawa na timu nzima ya Dallas, nao walipiga 25. Mashabiki wa Dallas hadi leo wanaitaja mechi hiyo kwa uchungu. Sasa jiulize kila mmoja alikuwa anafanya nini uwanjani. Wade alikuwa na mpira mkononi karibu kila shambulizi, akiingia ndani na kukutana na miili. Nyota wa Dallas, Dirk Nowitzki, silaha yake kubwa ilikuwa mtupo wa kuruka kutoka mbali kidogo, ambapo beki hamgusi mtu mara nyingi. Wangeamuliwa kwa haki kamili, bado Wade angepiga mitupo huru mingi zaidi. Ingekuwa mingapi zaidi? Namba 97 peke yake haikupi jibu hilo, na anayekuambia inatosha kuthibitisha wizi hajafika kwenye swali lenyewe.

Msimamo wetu ni huu: upendeleo upo, ni mdogo kuliko kelele za jukwaani, na mara nyingi umejificha kwenye filimbi ambayo haikupulizwa.

Kwa nini mnasisitiza filimbi isiyopulizwa?

Kwa sababu filimbi iliyopulizwa ina mashahidi. Mchezo unasimama, refa ananyoosha mkono, anakwenda mezani kuonyesha namba ya jezi, kamera zinarudia. Akikosea, kila mtu anaona. Asipopuliza, mpira unaendelea na baada ya sekunde 6 watu wako upande wa pili wa uwanja. Ripoti za NBA zenyewe zimekuwa zikionyesha kwamba makosa mengi ya marefa ni faulo zilizoachwa, kuliko faulo zilizotolewa kimakosa.

Hapo ndipo nyota anapopata nafuu yake anapokuwa beki. Ana faulo 4, anakaribia kutolewa, ameweka mkono kwenye kiuno cha mshambuliaji, refa ameona, lakini mguso si mzito. Kwa mchezaji wa akiba filimbi inalia. Kwa nyota refa anajua uzito wa kumtoa, naye anasubiri faulo iliyo wazi zaidi. Wilt Chamberlain alicheza mechi 1,045 za msimu wa kawaida NBA bila kutolewa kwa faulo hata mara moja. Sehemu ya maelezo ni yeye mwenyewe, kwani alikuwa anacheza kwa tahadhari kubwa faulo zikimjaa. Lakini hakuna anayeweza kukuonyesha sehemu nyingine ambayo ni refa kumvumilia, maana haikuandikwa popote.

Utafiti unasema nini?

Kuna tafiti mbili tunazopenda watu wazielewe, hasa kwa namna zilivyofanywa.

Ya kwanza ilichapishwa 2012 na wanauchumi wa Marekani. Waligawa mipira iliyopotezwa katika mafungu mawili. Fungu moja ni yale yanayotegemea macho ya refa: kutembea na mpira, kukaa zaidi ya sekunde 3 karibu na kikapu cha wapinzani, faulo ya mshambuliaji. Fungu la pili ni yale ambayo refa hana usemi mkubwa: pasi mbovu, mpira kuporwa. Kama timu ni dhaifu tu, mafungu yote mawili yatapanda. Kama refa anaegemea upande, fungu la kwanza peke yake ndilo litakalocheza. Walikuta dalili za kuegemea kwa timu iliyo nyumbani, kwa timu iliyo nyuma kwa pointi ndani ya mechi, na kwa timu iliyo nyuma kwenye mfululizo wa mtoano. Ni mbinu safi sana, na mtu mwenye daftari anaweza kuitumia hata kwenye ligi ya mkoa.

Ya pili ni ya Joseph Price na Justin Wolfers, iliyotoka kwenye magazeti mwaka 2007. Waliangalia misimu ya 1991-92 hadi 2003-04 na kukuta kwamba wachezaji walipata faulo chache kidogo pale jopo la marefa lilipokuwa na watu wengi wa rangi yao. Jambo lilizua kelele kubwa. Baadaye watafiti haohao na mwenzao walirudi kuangalia miaka iliyofuata, wakakuta tofauti ile imetoweka. Mafunzo ya marefa yalikuwa hayajabadilishwa kwa ajili hiyo, wala wachezaji hawakubadilika ghafla. Kilichobadilika ni kwamba habari ilijulikana kwa kila mtu. Kwetu sisi hilo ndilo jambo muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu: kuegemea kukianikwa juani, kunapungua.

Refa mwaminifu anawezaje kupendelea bila kukusudia?

Njia ni nyingi, lakini mbili zina uzito.

Kwanza ni mahali aliposimama. Mechi za NBA zina marefa 3 tangu msimu wa 1988-89: mmoja chini ya kikapu, mmoja nyuma ya mchezo, mmoja pembeni katikati. Kazi yao ni kuona nafasi kati ya mshambuliaji na beki. Refa akijikuta nyuma ya mgongo wa mmojawapo, nafasi ile haioni tena, anaona miili miwili imegandana. Hapo anakisia, na anayekisia huazima kumbukumbu: "huyu huwa anafanyiwa faulo", "yule ana mikono mizito". Sifa ya mchezaji inaingia kupitia tundu hilo. Kwenye mechi nyingi za mitaani na za vijana hapa Dar marefa ni 2, kwa hiyo upande usio na mpira hubaki bila jicho kwa muda mrefu. Malalamiko mengi ya kuonewa kule ni ya refa kuwa mbali au kuchelewa kuhama.

Pili ni kelele. Umati unamwambia refa jibu kabla hajamaliza kufikiri. Nyota ana sauti mbili: ya umati, na ya kwake mwenyewe anapolia kila anapogonga mwili.

Tim Donaghy hakuthibitisha kwamba mechi zinapangwa?

Alithibitisha kwamba refa mmoja anaweza kuuza taarifa na kuvunja uaminifu wa ligi nzima. Donaghy alichezesha NBA misimu 13, akajiuzulu Julai 2007, akakiri makosa mahakamani Agosti mwaka huohuo, na 2008 alihukumiwa kifungo cha miezi 15. Alikuwa akibeti, zikiwemo mechi alizochezesha yeye, na kuwapa wenzake taarifa za ndani.

Yeye pia ndiye aliyedai kwamba mechi ya 6 ya Lakers na Sacramento ya 2002, ambapo Lakers walipiga mitupo huru 27 kwenye robo ya nne peke yake, iliendeshwa kwa makusudi. NBA ilikana, na uchunguzi huru uliotolewa Oktoba 2008 haukukuta refa mwingine aliyehusika na uhalifu kama wake. Unaweza kuiangalia mechi ile leo na kukubali kwamba ilichezeshwa vibaya sana. Sisi tunakubali. Lakini kuchezesha vibaya na kupanga matokeo ni mashitaka mawili tofauti, na kila moja linahitaji ushahidi wake.

Kuna nyota waliowahi kuonewa?

Wapo, na waziwazi. Januari 28, 2023, Lakers wakiwa Boston, LeBron James aliingia kwenye kikapu sekunde za mwisho huku matokeo yakiwa sare, Jayson Tatum akampiga mkononi. Hakuna filimbi. Mechi ikaenda muda wa ziada na Boston wakashinda 125-121. Kiongozi wa marefa alikiri kosa usiku uleule. Mchezaji maarufu kuliko wote duniani, kamera kila pembe, na bado.

Aprili 2007 Tim Duncan alitolewa nje akiwa amekaa benchi, kwa kucheka. Refa, Joey Crawford, alisimamishwa na ligi.

Na kuna Shaquille O'Neal, Desemba 2007, mechi ya Miami ugenini Atlanta. Meza ilimhesabia faulo 6 wakati alikuwa na 5, akatolewa. Miami wakakata rufaa na kushinda, jambo ambalo lilikuwa halijatokea NBA tangu 1982. Machi 8, 2008 timu zilirudi kucheza sekunde 51.9 za mwisho. O'Neal hakuwepo, alikuwa ameshahamia Phoenix. Angalia vizuri: aliyemwonea alikuwa mtu wa kuandika faulo mezani, wala si refa. Tutarudi kwenye hili kwenye swali la rufaa.

Ripoti ya dakika mbili za mwisho ni nini, na inasomwaje?

NBA ilianza kuitoa Machi 2015. Inahusu mechi ambazo tofauti ilikuwa pointi 3 au pungufu wakati wowote ndani ya dakika 2 za mwisho za robo ya nne, pamoja na muda wa ziada. Mwanzoni kiwango kilikuwa pointi 5. Hutolewa kesho yake kabla ya saa 11 jioni ya New York, yaani kwetu saa 6 au saa 7 usiku kutegemea majira yao.

Kila tukio lina hukumu moja kati ya nne: filimbi sahihi, filimbi isiyo sahihi, kunyamaza sahihi, kunyamaza kusiko sahihi. Ukiifungua, nenda moja kwa moja kwenye hiyo ya nne. Kisha soma jina la aliyeathirika pamoja na la aliyekosea, maana ripoti inataja wote wawili. Ripoti haibadilishi matokeo. Na upungufu wake ni kwamba inaangalia dakika 2 kati ya 48. Faulo ya tatu ya beki wako kwenye robo ya pili, iliyomkalisha benchi nusu saa, haimo.

Kocha si anaweza kupinga uamuzi?

NBA anaweza, tangu 2019-20. Lazima awe na mapumziko yaliyobaki, anayaomba, anazungusha kidole juu. Akishinda anarudishiwa mapumziko, na tangu 2023-24 anapata nafasi ya pili. Anaweza kupinga faulo waliyopewa wachezaji wake, mpira kutoka nje, na kuzuia mpira ulio njiani kushuka kikapuni. Hawezi kupinga kunyamaza. Mlango mmoja mwembamba ulifunguliwa 2024-25: marefa wakiwa wanapitia mpira uliotoka nje, wanaweza kutoa faulo iliyoachwa karibu kabisa na tukio hilo.

FIBA nayo ina upingaji wa kocha tangu sheria za 2022, lakini pale tu penye mfumo rasmi wa marudio ya video. Kwenye uwanja usio na kamera za mfumo huo, hata video ya simu ya shabiki iwe safi namna gani, refa haruhusiwi kuitumia kubadili uamuzi.

Nataka kupima mwenyewe kama fulani anabebwa. Nianzie wapi?

Chagua mchezaji na mwenzake anayecheza kazi ileile. Usilinganishe mpiga pointi 3 na anayeingia ndani.

Gawanya mitupo huru kwa mitupo ya kawaida. Mchezaji aliyepiga mitupo ya kawaida 20 na mitupo huru 8 ana 0.4, aliyepiga 10 na mitupo huru 4 ana 0.4 pia, ingawa wa kwanza anaonekana kapewa mara mbili. Kabla ya kugawanya, toa mitupo huru ya faulo za kiufundi, yaani za utovu wa nidhamu, na ile ya mwisho wa mechi ambapo timu inayofungwa inafanya faulo makusudi kusimamisha saa. Watu wengi husahau hiyo, na nyota ndiye hupewa mpira wakati huo kwa sababu hakosi. Ondoa pia mitupo huru ya adhabu ya timu, inayotolewa timu ikijaza faulo hata kama aliyefanyiwa hakuwa anatupa: FIBA hiyo huanza faulo ya 5 ya robo, NBA vilevile, au faulo ya 2 ndani ya dakika 2 za mwisho.

Halafu hesabu alivyoingia ndani mara ngapi, na mara ngapi filimbi ililia. Hapa ndipo penye kazi. Angalia video bila sauti, kwa kasi ya kawaida kwanza, andika uamuzi wako, kisha ndipo urudie polepole. Ukianza na polepole kila mguso unaonekana pigo. Mtafute mtu anayeshabikia timu nyingine naye aandike peke yake. Mkipishana zaidi ya mara moja kati ya tukio 5, tatizo liko kwenye macho yenu na bado hamjaanza kumpima refa.

Rudia upande wa ulinzi, tenganisha nyumbani na ugenini, na usitoe hukumu kabla ya mechi 20 hivi. Kwenye mechi moja mchezaji anaingia ndani labda mara 10. Filimbi moja tu ikigeuka, asilimia inaruka kwa 10.

Tunaangalia nini ili kujua ni faulo?

Angalia beki kwanza. Wengi humwangalia mwenye mpira, hapo ndipo wanapopotea. Je, beki alimkabili mpinzani na kuweka miguu yote miwili chini kabla ya mguso? Akishafanya hivyo anaruhusiwa kurudi nyuma au kwenda pembeni na bado yuko halali. Akiruka juu wima ndani ya nafasi yake, mikono juu, mguso si wake. Mguso ukiwa kifuani kwa beki, mara nyingi mshambuliaji ndiye kaingia. Ukiwa begani au nyongani, beki kachelewa. Chini ya kikapu kuna nusu duara, mita 1.25 kwa FIBA na mita 1.22 kwa NBA, ambamo beki aliyesimama hahesabiwi kuwa kafanyiwa faulo akigongwa na mshambuliaji aliye hewani, isipokuwa mshambuliaji ametumia mkono, goti au mwili kinyume cha sheria.

Na wale wanaojiangusha au kunasa mikono ya mabeki?

NBA ilibana mwaka 2021-22: mshambuliaji anayeruka kwa pembe isiyo ya kawaida, kurusha mguu pembeni au kunasa mkono wa beki ili apewe faulo, hapewi tena. James Harden na Trae Young ndio waliotajwa sana wakati huo, na ni nyota wote wawili. Kujiangusha tangu 2023-24 ni faulo ya kiufundi papo hapo, mtupo huru 1 kwa wapinzani, na faini ya dola 2,000. Kwa sheria za FIBA pia kujiangusha kunaweza kuzaa faulo ya kiufundi. Mwalimu anayefundisha vijana kujiangusha kwa sababu wameona kwenye televisheni anawapotezea muda.

Timu yetu imeonewa kwenye ligi hapa Dar. Tufanye nini?

Wakati wa mchezo anayeongea na refa ni nahodha, kwa adabu, mpira ukiwa umekufa na saa imesimama. Wachezaji watano wakimzunguka refa, anayejiandalia faulo ya kiufundi ni timu. Faulo 2 za kiufundi, au 1 ya kiufundi na 1 isiyo ya kiuanamichezo, mchezaji anatoka.

Rufaa ya FIBA ina masharti ambayo timu nyingi hushindwa nayo. Ndani ya dakika 15 baada ya mechi nahodha amjulishe refa kiongozi na asaini karatasi ya mchezo kwenye nafasi ya rufaa. Sababu ziandikwe na kuwasilishwa ndani ya saa 1. Kwenye mashindano ya FIBA ada ni faranga 1,500 za Uswisi, inayolipwa rufaa ikikataliwa. Ligi yetu ina kanuni zake za ada, zisomeni kabla ya msimu.

Kubwa ni sababu yenyewe. Inayokubalika ni kosa la pointi, muda au saa ya sekunde 24 za kila shambulizi lisilorekebishwa. Uamuzi wa kuvunja, kuahirisha au kutoendeleza mechi. Na mchezaji asiyestahili kucheza. "Ilikuwa faulo hakupuliza" haimo. NBA ni vivyo hivyo: Februari 2024 New York walipewa faulo dhidi yao huko Houston zikiwa zimebaki sekunde 0.3, wakafungwa 105-103, kiongozi wa marefa akakiri kwamba haikuwa faulo, wakakata rufaa, na wakakataliwa. Kosa la macho halirudishi mechi. Kosa la hesabu hurudisha, kama lile la O'Neal.

Kwa hiyo muweke mtu mmoja benchini mwenye daftari, anayeandika pointi na faulo za kila mchezaji na kulinganisha na meza kila robo inapoisha. Kosa la hesabu linaweza kurekebishwa wakati wowote kabla refa kiongozi hajasaini karatasi. Akishasaini mlango umefungwa.

Nikijua refa nani anachezesha, naweza kuweka mkeka?

NBA hutangaza marefa saa 3 asubuhi ya New York siku ya mechi, kwetu saa 10 au 11 jioni. Utaratibu huo ulitokana na sakata la Donaghy: taarifa hiyo ilipokuwa siri, ilikuwa bidhaa. Sasa kila mtu anayo, na kampuni za kubeti zinayo kabla yako. Usiweke hela ya kodi hapo.

Waandaaji wa ligi ndogo wanaweza kupunguza upendeleo bila fedha nyingi?

Wanaweza. Simu moja juu ya kiegemeo, katikati ya uwanja, urefu wa mita 2 hadi 3, ikirekodi mechi nzima. Baada ya mechi marefa wachague matukio 6: mawili ya filimbi wanayoitilia shaka, manne ya kunyamaza, na angalau moja limhusu mchezaji bora wa kila timu. Dakika 20 zinatosha. Msiwapange refa mmoja na timu moja mechi mbili mfululizo. Matokeo ya mapitio yabandikwe ubaoni bila majina ya marefa, yakionyesha idadi ya filimbi sahihi na zilizoachwa, kila wiki, hata wiki ambayo timu kubwa imepoteza.